Mpimaji wa Koromeo

Saa nane na dakika ishirini mchana, siku ya Alhamisi, niliokota mawe mawili juu ya mwamba bapa ulio mlangoni mwa korongo, nikayatupa mtoni. Nilipaswa kuokota moja. Saa naikumbuka kwa sababu niliiandika. Siku zile nilikuwa naandika kila kitu. Jiwe la kwanza lilikuwa langu. La pili lilikuwa la mwenzangu Masanja, na Masanja alikuwa bado ndani.

Hayo yalitokea miaka kumi na moja iliyopita, katika milima iliyo kati ya Mikumi na Kilosa. Lakini ninayetaka kumwandika hapa ni mzee aliyetutungia kanuni ya mawe, ambaye kwa miaka yote hiyo alibebeshwa kosa langu naye hakulikataa. Kijijini kwake walimwita Mpimaji. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Jina lilitokana na kazi. Chini ya daraja la kijiji kulikuwa na ubao wa chuma wenye namba, umesimikwa mtoni, na kazi yake ilikuwa kuusoma mara mbili kwa siku: saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Kina alichokiona alikiandika kwenye daftari alilolibeba ndani ya mfuko wa nailoni, na kila mwisho wa mwezi akapeleka nakala ofisi ya maji. Alikuwa mfupi, mwembamba wa miguu, mwenye shati la kaki lenye kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na nyingine ya akiba. Alitembea na mwavuli ambao sikuwahi kumwona ameufungua. Mpini wake aliukata alama kwa kisu kila sentimita tano, na mvua ikinyesha alilowa kama sisi wengine huku ameukumbatia.

Nilifika kwake kwa sababu ya ramani. Mimi ni fundi wa pampu na sola hapa Mikumi. Shule niliishia darasa la saba. Kusoma ramani nilijifunza mwenyewe, kwenye kitabu cha jiografia nilichokinunua kwa muuza karanga kabla hajakimaliza kufungia. Katika ramani zote nilizopata, vijito vya milima ile vilichorwa kama nyuzi za buluu zinazokatika njiani. Nilitaka kujua zinakatikia wapi. Nikaambiwa yupo mzee mmoja anayejua.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Wewe unajua kuogelea?"

"Ninajua."

"Basi utanipa shida. Anayejua kuogelea huyaangalia maji kwa dharau."

Yeye hakujua. Mtu aliyetembea ndani ya makorongo yale kwa zaidi ya miaka thelathini, aliyejua kila mahali pa kukanyaga nyuma ya pazia la maporomoko, hakuwahi kuingia kwenye maji yanayopita kiuno. Aliliona hilo kuwa ndiyo sifa yake kubwa.

Maporomoko aliyapa majina yake mwenyewe, kwa kufuata yanavyomtenda mtu. La kwanza aliliita Mama Mkwe, kwa sababu rasharasha zake zinakulazimisha kupita umegeuza uso pembeni. La pili Kiziwi: mbele yake mnaongea kwa mikono. Kati ya Kiziwi na poromoko la tatu, kuta za mawe zinakaribiana mpaka ukinyoosha mikono unazigusa zote mbili, na anga linabaki kipande chembamba juu. Hapo aliita Koromeo. Kila kilichomezwa na mlima, alisema, kinapita hapo. Majina hayo niliyaandika kwenye ramani yangu, na mpaka leo yamo.

Alichukia mambo ya kubahatisha. Mwaka mmoja aliugua malaria siku nne hakufika darajani. Daftarini, kwenye siku hizo, aliandika neno moja mara nane: sikufika. Bwana mmoja wa ofisini akaja na pikipiki, akamwambia ajaze namba tu, kwa kuwa mto hauwezi kubadilika sana ndani ya siku nne.

"Mimi sikufika," alisema Mpimaji.

"Mzee, ni kuweka wastani tu."

"Huyo wastani alifika? Kama alifika, muulize yeye."

Bwana yule alicheka, akaondoka na nakala kama ilivyokuwa. Nilikuwapo, nafunga betri ya sola kwenye paa la jirani. Naieleza habari hii ili ijulikane mtu huyu alikuwa wa namna gani katika suala la kusema kisichokuwepo.

Hata hivyo hakuwa mtu wa upande mmoja. Aliwafokea wakata mbao mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na kitanda chake mwenyewe kilikuwa cha mninga ambao haukudondoka kwa upepo. Alikataza sabuni mtoni, kisha akanywa chai yenye vijiko vinne vya sukari na kutupa majani ya chai mle mle. Wanaomwaga unga kwenye miamba kwa ajili ya mizimu aliwaita washirikina. Aliswali swala zake tano, na akiwa njiani alitawadha kwenye maji ya kijito. Lakini kila tulipofika Mama Mkwe alivua kofia na kusema, "Shikamoo."

Nilimuuliza. Akajibu, "Si ni mkubwa kuliko mimi? Wewe wakubwa huwaamkii?"

"Na likiitikia?"

"Likiitikia, sitakuja tena."

Alikuwa na bakuli jeupe la bati, lile la kunywea uji. Kabla ya kuingia korongoni alichota maji nalo, akaliweka chini mpaka yatulie, kisha akachuchumaa na kuangalia. Mvua ya huku chini, alisema, utaiona kwa macho. Ya kule juu utaiona kwenye bakuli. Ukiona chembe nyembamba za udongo mwekundu zinazunguka, hata kama anga juu yako ni kavu na jua linawaka, rudi nyumbani. Mara tatu tulirudi kwa ajili ya bakuli lile. Mara mbili hakukutokea lolote, na mimi nilinung'unika. Mara ya tatu, tukiwa tumekaa kwake tunakula mihogo, mto ulipita chini ya nyumba ukibeba magogo.

Kisha ile kanuni ya mawe. Mlangoni mwa korongo kuna mwamba bapa ambao aliuita Meza. Kila anayeingia alichagua jiwe lake mwenyewe mtoni, jiwe atakalolitambua, akaliweka juu ya Meza. Akitoka analiokota na kulirudisha majini. Meza ikiwa tupu, wote wametoka. Ikibaki na jiwe, mtu yumo ndani, na Mpimaji huingia kumtafuta na taa na kamba saa hiyo hiyo, hata kama ni baba wa watoto sita aliyechelewa kwa uvivu tu.

Malipo nayo yalifuata mawe. Hakupokea hela ya mtu anayeingia. "Kuingia ni bure," alisema. "Mnanilipa kwa kutoka." Ilikuwa elfu kumi na tano kwa kichwa.

Masanja alikuja na mimi kuanzia mwaka wa pili. Familia yao ilihama na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa, ikaweka boma upande wa pili wa mlima. Alikuwa na miaka kama yangu, thelathini na kidogo, mrefu, mwenye makubazi ya matairi ambayo hakuyavua hata ndani ya maji. Alijua nyuki na alijua kamba. Siku ya kwanza alipoona Kiziwi alisimama muda mrefu, kisha tulipotoka kwenye kelele akamwambia Mpimaji, "Mzee, kwetu maji yamelala. Haya ya kwenu nani ameyasimamisha?"

"Yamesimama yakiwasubiri ninyi mlete ng'ombe kuyakojolea," alisema Mpimaji.

"Ng'ombe wangu wana adabu. Wakifika hapa watasema shikamoo kama wewe."

Mpimaji alicheka mpaka akakaa chini. Siku zile wakulima na wafugaji walikuwa wakiangaliana vibaya katika vijiji vingi vya Kilosa, na si wazee wengi walioruhusu mfugaji awatanie hivyo. Masanja siku zote alichagua jiwe jeupe. La Alhamisi ile lilikuwa na umbo la jino, na mstari wa kahawia ubavuni.

Alhamisi ile Mpimaji aliliangalia bakuli saa mbili asubuhi. Maji yalikuwa safi. Hakuingia nasi, kwa sababu ya kipimo cha saa tatu. "Mpaka saa tisa nawadhamini," alisema. "Baada ya hapo mnajidhamini wenyewe. Jioni nitapita Mezani."

Tulifika juu ya Koromeo saa sita. Nilipima nilichotaka kupima. Masanja alikuwa ameona mzinga wa nyuki kwenye ufa, karibu na poromoko la tatu, na alitaka kuupanda. Mimi nilikuwa na pampu ya mtu inanisubiri Mikumi. Tukakubaliana nirudi peke yangu. Yeye akimaliza asali angepanda ukingo na kutokea juu moja kwa moja, kwenye boma lao.

"Sirudi Mezani," alisema. "Nitolee jiwe langu."

"Na hela ya mzee?"

"Nilipie. Nitakupa asali."

Hilo ndilo nililolifanya. Nilitoa mawe mawili, nikapita kwa Mpimaji, nikamkuta mkewe peke yake. Nilimwachia elfu thelathini, ya watu wawili, nikapanda bodaboda.

Nyumbani kwao Masanja alikuwa ameaga kwamba huenda akalala kwangu. Kwa hiyo wao walijua yuko Mikumi, mimi nilijua yuko kwao, na Mpimaji alipopita jioni Meza ilikuwa tupu. Saa nne usiku maji ya mvua ya juu yalishuka. Jumapili asubuhi kaka yake alinipigia simu. "Fundi, niazime ndugu yangu kidogo kwenye simu."

Tulikuta kamba yake imekwama kwenye ufa na kubazi moja chini ya Kiziwi. Zaidi ya hapo hatukukuta kitu, wala hakikupatikana kitu baadaye.

Kikao kilikuwa ofisi ya kijiji, mbele ya mtendaji. Kaka yake Masanja alikuja na ndugu sita wenye fimbo. Mimi nilieleza kwamba tuliachana ndani. Mtendaji akamgeukia Mpimaji. "Wewe si una kanuni ya mawe? Jioni ulipita?"

"Nilipita."

"Jiwe la marehemu lilikuwepo?"

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Kinywa changu kilikuwa wazi tayari.

"Lilikuwepo," alisema Mpimaji. "Giza lilikuwa limeanza. Sikuliona."

Nilifunga kinywa. Kaka yake Masanja aliinuka, akatema mate karibu na miguu ya mzee, wakatoka.

Baada ya hapo hakuna aliyeingia naye tena korongoni. Ofisi ya maji ilimpa mtu mwingine kazi ya kipimo; kama ni kwa ajili ya umri au kwa ajili ya macho, hawakusema. Msemo ukazaliwa. Nimeusikia gulioni Kidodi, mama mmoja akimwambia muuza mchele anayepunja kopo: "Baba, usinipimie kwa macho ya Mpimaji." Watu wakacheka. Nami nilitabasamu, kwa sababu kutotabasamu kungeonekana.

Nilijiambia mambo mengi. Nilijiambia kwamba huenda kweli anaamini jiwe lilikuwepo, kwamba mzee akishaanza kuyashuku macho yake huwezi kumsaidia. Nilijiambia nitasema kaka mtu atakapopoa. Ramani niliimaliza. Ni ramani nzuri. Imebandikwa ukutani kwangu, na kila ninapoiangalia jicho linaanzia pale kwenye mlango wa korongo.

Mwaka wa tano nilikwenda pale peke yangu. Juu ya Meza kulikuwa na jiwe jeupe lenye umbo la jino, na mstari wa kahawia ubavuni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelitupa mtoni. Nilisimama mbali nalo kwa muda, kisha nikarudi bila kuingia. Sijaingia tena.

Nilimuuliza mkewe, kwa kuzunguka, kama mzee bado hupanda huko. Alisema kila Alhamisi. Alisema pia kwamba wakati wa chai siku hizi mzee huomba kikombe kimoja zaidi, na akiwa na wageni wawili husema, "Karibuni, nyote watatu." Hakulalamika. Alisema kikombe hukaa tu, kisha yeye hukiosha.

Kiangazi kilichopita nilipata habari kwamba macho sasa yamekwenda kweli. Nilifunga duka, nikaenda.

Alikuwa amekaa kibarazani, mwavuli mapajani. Vidole vilikuwa vinapapasa alama za mpini.

"Shikamoo, Mpimaji."

"Marahaba, fundi. Umechelewa."

Sikujua anazungumzia asubuhi ile au miaka. Mkewe alileta chai, vikombe vitatu, akaingia ndani. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakanitoka. Nikauliza kitu kingine: kama bado anamwamkia Mama Mkwe.

"Hapana. Niliacha."

"Kwa nini?"

"Sasa kuna mtu mle. Ni mdogo wangu kwa miaka thelathini. Yeye ndiye anayepaswa kuniamkia mimi. Mimi husimama tu nikasubiri."

"Na huamkia?"

Alifikiri kama mtu anayekumbuka namba. "Masika siwezi kusema, kelele ni nyingi. Kiangazi, ndiyo."

Kisha nilisema. Nilianza na saa, nane na dakika ishirini, nikaendelea mpaka kwenye kikao. Hakunikatiza. Nilipomaliza alinielekeza kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, nitoe daftari la mwaka ule, nifungue Alhamisi ile.

"Soma."

"Saa tatu asubuhi, sentimita arobaini na mbili. Saa tisa alasiri, arobaini na mbili. Jioni..." Niliishia hapo.

"Soma, fundi. Macho yangu hayafiki."

"Jioni, Meza tupu."

"Na Ijumaa?"

"Saa tatu asubuhi, mia moja thelathini na sita."

"Hilo ndilo lililokuwepo," alisema. "Nililowaambia pale kikaoni sikuliandika popote."

"Ulijua siku zote."

"Mke wangu aliponipa elfu thelathini nilijua wametoka wawili. Kaka yake alipokuja nikajua ametoka mmoja. Ni hesabu ya darasa la kwanza. Kisha nikaenda nikalitafuta lile jiwe mahali mnapotupia. Maji yalikuwa ya magotini."

"Mbona ulisema uongo?"

"Vijana sita wana fimbo. Wewe ungefika wapi?" Alikunywa chai. "Na kanuni ilikuwa yangu. Niliwaambia mtu aweke jiwe lake na aokote jiwe lake. Sikuwaambia asimtolee mwenzake. Halikunijia akilini kwamba mtu angeomba atolewe jiwe kama anavyoomba achukuliwe mzigo."

"Hilo halinitoi mimi kosani."

"Sijasema linakutoa."

Kikombe cha tatu kilikuwa kimepoa, na mbu mmoja alikuwa anaelea ndani yake.

"Geuza ukurasa," alisema.

Nyuma ya ukurasa wa Ijumaa kulikuwa na noti ya elfu kumi na noti ya elfu tano, zimenyooka kama zimepigwa pasi.

"Hizo ni za kutoka. Yeye hakutoka. Sikuweza kuzila. Zichukue."

"Si zangu, mzee."

"Wala si zangu. Mtafute mwenyewe."

Kaka yake Masanja siku hizi ana duka la vipuri vya baiskeli Kimamba. Nilimkuta amechuchumaa anakaza spoki. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunipa kiti. Aliendelea kukaza mpaka nilipofika kwenye mawe, ndipo mkono ukasimama.

"Saa ngapi uliliokota?"

"Saa nane na dakika ishirini."

"Maji yakaja saa ngapi?"

"Saa nne usiku."

Alihesabu kwa vidole, polepole, kuanzia magharibi, saa ambayo Mpimaji angekuta jiwe na kuingia na taa. Vidole vinne. Aliviangalia.

"Yule mzee nimekutana naye njiani mara nyingi," alisema. "Sijampa shikamoo miaka kumi na moja."

Aliinuka, akafunga milango ya duka, akaita bodaboda na kumtajia dereva kijiji cha Mpimaji. Nilimnyooshea zile noti. Alizitazama bila kuzigusa.

"Za kutoka, alisema?"

"Ndiyo."

"Basi mwenyewe ni wewe. Wewe ndiye uliyetoka."

Pikipiki iliondoka. Nimeziweka nyuma ya ramani, pale mlangoni mwa korongo. Noti moja ya elfu kumi, noti moja ya elfu tano. Jumla ni shilingi elfu kumi na tano.